Matangazo ya Dawa za Cheti Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wasomaji wa Dodoma na mikoa jirani wanaokutana na matangazo ya dawa kwenye simu zao, pamoja na wenye famasi, wenye maduka ya dawa muhimu na vijana wanaolipwa kuendesha kurasa za biashara hizo. Hoja kuu ni moja: je, ni haki dawa inayohitaji cheti cha daktari itangazwe mtandaoni kwa wataalamu wa afya peke yao? Jibu linalotetewa hapa ni ndiyo, kwa sharti kwamba taarifa za dawa hiyo zibaki wazi kwa kila anayezitafuta. Sharti hilo husahaulika mara nyingi, na ndiyo maana majibu kadhaa yanalirudia.

Ni dawa zipi hasa zinazohusika?

Ni zile ambazo mgonjwa hatakiwi kuzipata bila cheti kilichoandikwa na mtu mwenye mamlaka ya kutibu. Antibiotiki nyingi zimo, dawa za shinikizo la damu na za kisukari zimo, za kifafa na za magonjwa ya akili zimo, na vilevile dawa kali za maumivu kama tramadoli na sindano karibu zote. Parasetamoli haimo, wala ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa mwenye kuhara. Hizo zinaweza kutangazwa kwa umma zikishapata kibali. Msomaji asidanganywe na mazoea: kwamba watu wengi hununua amoksilini dirishani bila kuulizwa swali lolote hakuiondoi katika kundi la dawa za cheti.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Matangazo ya dawa yanaongozwa na Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inayosimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo makao yake makuu yapo hapa Dodoma. Wengi bado huiita TFDA, jina lililotumika hadi mwaka 2019, wakati usimamizi wa chakula na vipodozi ulipohamishiwa Shirika la Viwango (TBS). Chini ya sheria hiyo na kanuni zake, tangazo la dawa linatakiwa kupata kibali cha Mamlaka kabla ya kutolewa, na dawa za cheti hazitangazwi kwa umma. Msimamo huo unafanana na vigezo vya kimaadili vya kunadi dawa ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 1988, vinavyosema kwamba dawa za cheti zisitangazwe kwa watu wa kawaida.

Wapo wanaodai kwamba sheria iliyotungwa mwaka 2003, kabla ya Instagram na WhatsApp kuwapo, haiwezi kuhusu kurasa za simu. Dai hilo ni dhaifu. Kinachodhibitiwa ni kitendo cha kunadi dawa. Bango la barabarani, redio na picha ya kwenye simu ni njia tu za kukitenda.

Tangazo linatofautianaje na taarifa?

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, kwa hiyo jibu litakuwa refu.

Taarifa humsubiri mtu aitafute. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa mpya ya presha katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, akirudi nyumbani Nkuhungu na kuandika jina la dawa hiyo kwenye simu ili ajue inaweza kuleta maudhi gani, anatafuta taarifa, na ni haki yake kuipata yote: matumizi, dozi, watu wasiopaswa kuitumia, dawa zisizopatana nayo, na namna ya kuihifadhi. Tangazo hufanya kinyume chake, kwa kuwa lenyewe ndilo linalomtafuta mtu. Linamkuta anaangalia video za vichekesho, linamwambia uchovu wake ni ugonjwa, na linamtajia dawa.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliuchora mpaka huu mwaka 2011, katika shauri lililotoka Ujerumani kuhusu kampuni iliyoweka picha za pakiti na vipeperushi vya dawa zake za cheti kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Mahakama iliona kwamba katazo la kutangaza kwa umma haligusi kurasa zinazotoa pakiti na kipeperushi kilichoidhinishwa jinsi vilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, kwa mtu aliyezifuata mwenyewe. Mwenye dawa akianza kuchagua maneno ya kuonyesha na ya kuficha, kwa namna ambayo haielezeki ila kwa nia ya kuuza, hapo ameingia kwenye tangazo. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini kipimo chake kinaweza kutumika popote: soma maandishi yaliyo mbele yako, kisha jiulize ni nini kilichoachwa. Ukurasa unaotaja faida nne za dawa bila kutaja hata dhara moja ni tangazo, hata ukijiita darasa la afya.

Kwa nini daktari aruhusiwe kuona tangazo na mimi nizuiwe? Je, huku si kutudharau wananchi?

Swali hili ni la haki na halipaswi kujibiwa kwa kejeli. Hakuna anayesema kwamba mwananchi hana akili ya kuelewa. Kinachosemwa ni kwamba uamuzi wa kutumia dawa ya cheti unahitaji mambo ambayo tangazo haliwezi kuyajua: vipimo vyako, ujauzito, figo zako, dawa nyingine unazomeza. Chukua sildenafili, ambayo ni maarufu sana kwenye kurasa za nguvu za kiume. Mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akiimeza, shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla kiasi cha kuhatarisha maisha. Mtaalamu akiona tangazo la sildenafili ana maswali tayari kichwani. Mwenye maumivu ya kifua ambaye hajawahi kusikia neno naitreti hana namna ya kujiuliza.

Lipo pia jambo la pili, ambalo watafiti wa Marekani walilipima na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2005. Waigizaji waliofundishwa kujifanya wagonjwa walikwenda kwa madaktari 152 na kufanya mahudhurio 298. Baadhi walieleza dalili za sonona, wengine walieleza huzuni ya kawaida inayofuata msukosuko wa maisha. Baadhi wakaomba dawa iitwayo Paxil wakisema wameiona kwenye televisheni, wengine wakaomba dawa kwa ujumla, na wengine hawakuomba kitu. Katika kundi la huzuni ya kawaida, walioitaja Paxil waliandikiwa dawa za sonona kwa asilimia 55, na wasioomba chochote kwa asilimia 10. Madaktari waliosoma miaka mingi walisukumwa na ombi la mgonjwa aliyesukumwa na tangazo.

Haki inataka utafiti huohuo usomwe hadi mwisho. Katika kundi lililokuwa na dalili za sonona yenyewe, walioomba dawa walipata tiba inayostahili mara nyingi zaidi kuliko walionyamaza. Mgonjwa anayejieleza, basi, husaidiwa. Hata hivyo, waliofanya vizuri zaidi ya wote ni walioomba dawa bila kutaja jina la kibiashara. Nionavyo, funzo lake ni kuwa elimu ya kuwafanya watu wazungumzie sonona kliniki, kwa mfano ile inayoweza kutolewa na hospitali kama Mirembe, ina manufaa, na haihitaji chapa ya kampuni ili ifanye kazi.

Mbona Marekani dawa za cheti hutangazwa kwa watu wote?

Ni kweli, na pamoja na New Zealand ndizo nchi mbili zinazotajwa siku zote kwa kuruhusu jambo hilo kwa upana. Nchini Marekani matangazo ya televisheni yaliongezeka baada ya mwongozo wa mwaka 1997 uliolegeza namna ya kueleza madhara. Miaka miwili baadaye iliingia sokoni dawa ya maumivu ya viungo iitwayo Vioxx, ikatangazwa kwa umma kwa zaidi ya dola milioni 100 katika mwaka 2000 peke yake, na Septemba 2004 kampuni ya Merck ikaiondoa duniani kote kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Dawa mpya huwa haijafahamika vizuri katika miaka yake ya kwanza, na miaka hiyohiyo ndiyo ambayo matangazo huwa mengi zaidi. Kwa hiyo, kuwapo kwa desturi hiyo Marekani hakutoshi kuwa sababu ya kuiiga.

Tovuti nyingi huweka kitufe cha "Mimi ni mtaalamu wa afya". Je, kinatosha?

Hapana. Kitufe kinachobonyezwa na yeyote hakimzuii yeyote. Kinamlinda mwenye tovuti zaidi kuliko kinavyomlinda msomaji.

Nchi zimelitatua jambo hili kwa viwango tofauti. Uingereza, ambako pia ni marufuku kutangaza dawa za cheti kwa umma, mwongozo wa sekta hutilia mkazo kutenganisha waziwazi kurasa za wataalamu na za wananchi. Ujerumani ni wakali zaidi: sheria yao inaruhusu matangazo ya dawa hizo kwa madaktari wa binadamu, wa meno na wa wanyama, wafamasia na wafanyabiashara walioidhinishwa, na kampuni hutumia mifumo ya kuingia kwa nenosiri ambalo mtu hulipata baada ya kuthibitisha taaluma yake.

Kwa Tanzania, njia inayofaa zaidi ni kutumia rejesta zilizopo. Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Famasi na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania yote yana orodha za watu waliosajiliwa. Mwenye tovuti angeomba namba ya usajili, mfumo ukaithibitisha, na mlango ukafunguka. Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, mlango usiwe wa madaktari peke yao. Mtu anayeandika cheti katika zahanati ya Bahi au ya Mpwapwa kwa kawaida ni tabibu, na siku nyingine ni muuguzi aliyebaki zamu. Kuwafungia nje hao ni kuwafungia nje walioshika kalamu. Pili, taarifa za mtaalamu aliyeingia zisigeuzwe bidhaa. Kampuni ikijua kwamba tabibu fulani amefungua ukurasa wa antibiotiki fulani mara kwa mara, itajua pia mlango wa kugonga wiki inayofuata.

Je, kundi la WhatsApp la wauguzi au wafamasia linahesabika kuwa mtandao wa wataalamu?

Linahesabika iwapo wanachama wote wamethibitishwa na ujumbe hautoki nje ya kundi. Makundi ya namna hiyo ni nadra, kwa kuwa ujumbe hutumwa mbele kwa kidole kimoja, na picha ya bei za dawa iliyoanzia kwenye kundi la wafamasia wa mjini jioni huwa kwenye kundi la kikoba asubuhi.

Tangazo likishawafikia wataalamu peke yao, hatari imekwisha?

Haijaisha. Mwaka 2007 kampuni iliyouza OxyContin, dawa kali ya maumivu, nchini Marekani ilikiri mahakamani kosa la kuinadi dawa hiyo kwa kudanganya kuhusu uraibu wake, ikatozwa takribani dola milioni 600. Walengwa wakubwa wa udanganyifu huo walikuwa madaktari. Wataalamu nao wana haraka, wana foleni ya wagonjwa, na wanapenda kuamini kwamba dawa mpya ni bora. Ndiyo maana kuzuia tangazo lisifike kwa umma ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha kwamba kinachosemwa ndani ya mlango kinalingana na taarifa zilizoidhinishwa wakati dawa ilipokuwa inasajiliwa.

Nina famasi mjini Dodoma. Ninaweza kuweka nini kwenye ukurasa wangu?

Mengi kuliko unavyodhani. Unaweza kueleza mahali ulipo, saa za kufungua, kwamba mfamasia yupo na anapokea maswali, kwamba unapokea vyeti kutoka hospitali fulani au bima fulani, na kwamba dawa zinazohitaji ubaridi unazitunza inavyotakiwa. Unaweza kufundisha namna ya kumaliza dozi, namna ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwa nini dawa ya mtoto haipimwi kwa kijiko cha chai. Dawa zisizohitaji cheti unaweza kuzitangaza kwa kibali.

Usichoweza ni kupiga picha pakiti ya dawa ya cheti na kuandika bei, punguzo, ahadi ya kupona, au yale maneno yaliyozoeleka ya "njoo inbox, tunatuma mikoani". Kuficha jina la dawa kwa nyota na vifupisho hakubadilishi kitu; anayeficha jina anaonyesha kwamba anaijua sheria. Mwenye duka la dawa muhimu naye yumo katika mpaka huohuo. Mpango wa maduka hayo, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, uliyaruhusu kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti ili kuwafikia watu wa vijijini. Ruhusa hiyo ni ya kuuza kwa utaratibu, na haibebi ruhusa ya kunadi.

Kampeni za serikali za kugawa dawa nazo ni matangazo?

Si matangazo ya biashara. Wazee wa Kongwa wanakumbuka vizuri kampeni za trakoma, ugonjwa wa vikope, ambazo watu wa vijiji vizima walipewa azithromisini iliyotolewa bure na kampuni ya Pfizer. Azithromisini ni antibiotiki ya cheti. Hata hivyo, tangazo la kipaza sauti lililowaita watu kijijini lilikuwa na mwenye dhamana anayejulikana, dozi iliyopangwa kwa kimo au umri, watumishi waliokuwapo kuangalia madhara, na hakuna aliyeambiwa alipe. Kampeni za chanjo huangukia humohumo.

Dawa za asili na virutubisho vimo?

Dawa za asili zina utaratibu wake, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linahusika nazo, kwa hiyo hazijadiliwi hapa kwa kina. Angalizo ni moja: mamlaka za dawa za nchi mbalimbali, ikiwamo ya Marekani, zimekuta mara nyingi sildenafili iliyofichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya wanaume. Mnunuzi wa bidhaa kama hiyo amemeza dawa ya cheti bila kujua.

Je, mtu maarufu akisimulia tu dawa iliyomsaidia, amevunja utaratibu?

Akilipwa, au akipewa dawa bure ili asimulie, hilo ni tangazo. Asipolipwa, ushuhuda wake ni maongezi, ingawa athari yake kwa msikilizaji inaweza kuwa ileile. Sindano za semaglutaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya kisukari zilipata umaarufu wa kupunguza mwili kwa njia hiyo, mahitaji yakapanda, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu sindano bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa bandia zilipenya huko, sindano inayosafirishwa ndani ya buti ya basi kwenye jua la Dodoma haina sababu ya kuaminiwa zaidi.

Kijijini kwetu daktari hayupo karibu. Si afadhali tangazo kuliko kukosa kabisa?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na wanaotetea udhibiti hulipita harakaharaka. Ni kweli kwamba mama wa kijiji cha Chamwino anaweza kutumia siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi ili aambiwe dawa imekwisha. Kuzuia matangazo hakuongezi kidonge hata kimoja katika zahanati yake, na anayedai vinginevyo anadanganya.

Hata hivyo, tazama tangazo linamletea nini. Halimletei vipimo wala mtu wa kumsikiliza. Linamletea pakiti kwa bodaboda kutoka kwa muuzaji ambaye kesho atakuwa amebadilisha laini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani bidhaa moja kati ya kumi za dawa ni duni au bandia. Zikiwa antibiotiki, hasara haiishii kwa aliyezimeza. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na matumizi yasiyo na mpango ni miongoni mwa vyanzo vyake. Mama huyo anahitaji zahanati yenye dawa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumbani kwake. Madai hayo yapelekwe kwenye mikutano ya kijiji na kwa diwani, kwa sauti kubwa kuliko tunavyoyapeleka sasa.

Nikiona tangazo la dawa ya cheti, nifanye nini?

Usilisambaze, hata kwa nia ya kuonya, kwa sababu kila anayelitazama anaongeza nguvu yake. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la ukurasa, namba ya simu iliyotajwa na tarehe, kisha uipeleke TMDA, au kwa mfamasia wa wilaya iwapo duka lenyewe lipo wilayani kwako. Mitandao mikubwa nayo ina sehemu ya kuripoti bidhaa zilizodhibitiwa; itumie, ila usitegemee hiyo peke yake.

Nimekwisha kununua dawa kupitia tangazo na nimeanza kuitumia. Niache?

Usiamue peke yako. Dawa nyingine zikikatishwa ghafla huleta hatari kubwa kuliko kuendelea nazo kwa siku moja zaidi. Za kifafa na za steroidi zilizotumika kwa muda mrefu ni mifano. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na pakiti na kipeperushi chake, na useme wazi ulikoipata, maana mhudumu anahitaji ukweli huo ili akusaidie na hayupo pale kukushtaki. Kama umepata vipele, kizunguzungu, uvimbe au mabadiliko mengine, omba yajazwe kwenye fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Pakiti usiitupe hata kama vidonge vimekwisha, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapwa juu yake ndiyo inayowawezesha wakaguzi kufuatilia shehena hiyo ilikotoka na nani mwingine aliuziwa.